Mtambo Mpya wa Wifi

Redio ya Baba Pacha haikuwa na mnara wala gari lenye maandishi ubavuni. Ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la magodoro, na kuta zake zilifunikwa kwa vipande vya magodoro mabovu ambavyo mwenye duka alimpa ili kelele za barabarani zisiingie. Ndani mlikuwa na meza, kompyuta, maiki mbili, feni ya dari iliyokuwa ikilalamika mchana kutwa, na waya wa intaneti uliopanda ukutani ukishikwa kwa misumari. Matangazo yalisikika kwenye simu tu. Waliosikiliza ni mafundi cherehani, walinzi, wauguzi waliotoka zamu, na watu waliohamia nchi za mbali ambao walitaka kusikia lugha ya kwao wakati wanaosha vyombo.

Baba Pacha alikuwa mdomo wa redio hiyo, na mkewe, Mama Pacha, alikuwa mikono yake. Mume alikaa mbele ya maiki, akatania, akacheka, akatuma salamu. Mke alikaa pembeni kwenye kompyuta akihakikisha kicheko hicho kinawafikia watu. Programu waliyorushia matangazo ilikuwa kongwe. Fundi aliyeiweka alihama zamani na namba yake haipatikani tena. Wimbo ukiisha, ilibidi Mama Pacha abonyeze mwenyewe unaofuata, na akipitiwa kidogo redio inanyamaza kabisa, wasikilizaji wanadhani simu zao zimekufa. Wakati mwingine ilikwama bila sababu. Hapo alijua la kufanya: afunge hiki, asubiri, afungue kile, asiguse mausi mpaka taa ya kijani iwake. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kwa kuteseka nayo, na kwa sababu hiyo akaipenda.

Siku moja programu ilikwama wakati mumewe amesahau kuzima maiki. Baba Pacha akanyoosha mkono ili asaidie, naye Mama Pacha akamfokea, "Kaa hapohapo, usiguse kitu!" Ikasikika dunia nzima. Jumbe zikamiminika, watu hawana mbavu. Walitaka kumsikia tena huyo mama. Baba Pacha, ambaye hakuwa mtu wa kuacha kicheko kipotee, akalikata lile neno akalifanya jingo la redio, likawa linachezwa kati ya wimbo na wimbo. Tangu hapo wasikilizaji wakamwita Bi Usiguse. Akienda sokoni, muuza vitunguu alikuwa anainua mikono juu na kusema, "Sijagusa, mama, sijagusa!" Alijifanya kukasirika, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa anatabasamu peke yake.

Basi ndipo akaja wifi yake.

Huyu alikuwa mdogo wake Baba Pacha, kitinda mimba, msichana mrefu mwenye sauti laini. Alikuwa amesomea mitambo ya utangazaji na kufanya kazi kwenye stesheni moja kubwa mpaka mkataba wake ulipokwisha. Alikuja na begi la mgongoni na kompyuta nyembamba kama sinia. Mapacha wakahamishiwa kitanda kimoja ili shangazi yao apate cha kulalia, wala hawakulalamika. Kwa siku za mwanzo ilikuwa shangazi huku, shangazi kule, na nywele zao zikasukwa mitindo ambayo mama yao hakuijua.

Baba Pacha naye hakuificha furaha yake. "Ndugu wasikilizaji," alisema hewani, "nyumbani kwangu sasa kuna wifi mbili. Moja inakatika kila saa, nyingine imekuja kuitengeneza!" Wasikilizaji wakacheka. Mama Pacha, ambaye wifi huyo alikuwa wake yeye wala si wa mumewe, hakucheka.

"Kaka," alisema wifi siku alipoona ile programu kwa mara ya kwanza, "hii nayo bado inaishi?"

Hakuwa na nia mbaya. Lakini Mama Pacha alihisi kama aliyeulizwa habari za mzazi wake aliyelazwa.

Wifi akaeleza habari za programu mpya. Hiyo ungeipangia nyimbo za kutwa nzima asubuhi, nayo ingezicheza yenyewe, ikiushusha wimbo mmoja taratibu huku ikiupandisha mwingine. Ingeweza kuendeshwa hata kwa simu, mtu akiwa jikoni. Ingeonyesha wasikilizaji ni wangapi na wako miji gani. Baba Pacha alisikiliza mdomo wazi, kisha akajipiga paja.

"Kumbe tulikuwa tunateseka bure miaka yote hii!"

Tulikuwa? Mama Pacha alijiuliza. Nani aliyekuwa anateseka? Wewe ulikuwa unakunywa maji na kusafisha koo.

Kuanzia hapo kijiba cha roho kikamkaa. Alijaribu kukimeza, kikagoma. Alimwona mumewe akimpelekea dada yake chai pale mezani, na sukari amemkorogea kabisa, yeye ambaye katika ndoa yao hakuwahi kujua sukari inakaa kopo gani. Alimwona akimsogezea kiti chini ya feni. Mama mkwe alipopiga simu, alitaka kwanza kuongea na binti yake, kisha na mwanawe, kisha akasema, "Haya, msalimieni na mama watoto." Kila jambo lilikuwa dogo. Lakini yalipangana kifuani yakabana.

Cha kuudhi zaidi, wifi mwenyewe hakumpa sababu ya kumchukia. Aliosha vyombo bila kuambiwa. Alimwita kila mara.

"Wifi, njoo nikuonyeshe hapa, ni rahisi sana."

"Nina nguo za kufua."

"Baadaye basi?"

"Baadaye nitakuwa naanika."

Akawa anafua nguo ambazo hazijavaliwa. Alisugua mashuka mpaka mikono ikachubuka, huku masikio yake yakiwa ghorofani, kwenye kile chumba ambacho sasa kaka na dada walikuwa wanacheka humo bila yeye.

Mchana mmoja alikuwa anapita mbele ya duka la magodoro na beseni lake. Mwenye duka alikuwa ameweka simu yake kwenye spika, anasikiliza majaribio ya mtambo mpya. Wimbo ukaisha, ukashuka vizuri kabisa kama wifi alivyoahidi, na kabla ya unaofuata ikatoka sauti: "Kaa hapohapo, usiguse kitu."

Maneno yalikuwa yake, ila sauti ilikuwa ya wifi, laini, imenyooka, kama ya mtu anayemkaribisha mgeni kwenye kochi.

"Umeisikia hiyo?" mwenye duka alisema. "Imekuwa ya kisasa!"

"Nimeisikia," alijibu Mama Pacha, na akapita. Alipofika uani akaliweka beseni chini, akasimama akiangalia ukuta. Chai alikuwa amevumilia, na kiti, na nywele za watoto. Lakini hili lilikuwa jina lake mjini. Jioni mumewe alimuuliza kama amesikia majaribio, akasema, "Nzuri." Baba Pacha akalipokea kama sifa.

Siku ya kuhamia mtambo mpya ilitangazwa wiki nzima. Saa nne asubuhi, Baba Pacha aliwaambia wasikilizaji, redio yenu inazaliwa upya. Siku moja kabla, kompyuta ya zamani ilizimwa, ikasukumwa chini ya meza na kufunikwa kitambaa. Jioni hiyo wifi alimweleza kaka yake utaratibu, Mama Pacha akisikia huku anakunja nguo: seva iliyokuwa inapeleka matangazo kwenye simu za watu inapokea mashine moja tu kwa wakati mmoja. Iliyotangulia kuingia inashika nafasi, na nyingine ikija inakataliwa.

Asubuhi Mama Pacha akawa wa kwanza kufika. Alisema anakwenda kufagia. Akafagia kweli. Kisha akapiga magoti, akainua kitambaa na kubonyeza swichi ya mashine ya zamani. Skrini yake ilikuwa imeshang'olewa, lakini haikuhitaji skrini. Kwa miaka mingi alikuwa ameizoesha kuingia hewani yenyewe kila inapowashwa. Ikaguna kidogo, ikatulia. Feni ya dari ilimeza mvumo wake. Mama Pacha akashusha kitambaa, akakaa kwenye kiti cha pembeni kuwasubiri wenzake.

Saa nne ilipotimia mwenye duka la magodoro alikuwa amepanda kushuhudia. Baba Pacha alikuwa amevaa shati la sikukuu, ingawa hakuna ambaye angemwona. Wifi akabonyeza. Mtambo mpya ukaonyesha maandishi mekundu: umekataliwa. Akabonyeza tena. Umekataliwa. Akakagua nywila herufi kwa herufi. Akazima, akawasha. Kwenye simu ya mwenye duka redio ilikuwa kimya tupu.

"Vipi?" Baba Pacha aliuliza, bado anatabasamu.

"Dakika moja, kaka."

Dakika ikapita, na nyingine. Jumbe zikaanza kuingia: mbona kimya, mmefunga, tunasubiri jamani. Tabasamu la Baba Pacha likayeyuka.

Mama Pacha alikuwa ameliota jambo hili. Alitazama jasho likimtoka wifi kwenye paji la uso, akaona raha. Angependa baadaye kujiambia kwamba huruma ilimjia palepale, lakini haikumjia. Ilikuwa raha tupu, kama ya kuvua viatu vinavyobana.

"Ulisema unaweza," Baba Pacha alianza. "Nimewaambia watu wiki nzima. Huko ulikokuwa, ulikuwa unaendesha mitambo au ulikuwa unafagia?"

"Kaka, naomba tu nitulie niangalie..."

"Ningebaki na mashine yangu ya zamani na Mama Pacha wangu. Yeye hajasoma, lakini angalau hajawahi kuniaibisha."

Hilo ndilo neno alilokuwa na njaa nalo. Lilikuja, tena mbele ya shahidi. Akalisubiri liwe tamu. Badala yake sikio lilimnasia kwenye "hajasoma", kisha kwenye "mashine yangu na Mama Pacha wangu", namna vilivyotajwa kwa pumzi moja kama vitu viwili vya chumba kimoja.

Wifi alikuwa anajipangusa viganja kwenye gauni. Baba Pacha akapiga meza.

"Kama huwezi, sema huwezi, tusipotezeane muda!"

Mama Pacha alishtuka kama ameitwa yeye. Maneno hayo aliyajua. Ndiyo aliyoambiwa na mumewe mwaka wa kwanza wa redio, alipokuwa na mimba ya mapacha na programu ikimfia mikononi kila siku. Alikuwa amelia bafuni, maji ya bomba yakiwa wazi ili asisikike. Siku hizo hakuwa na mtu wa kumchukia. Sasa alijikuta amekaa anamtazama mtu mwingine akielekea bafu lilelile.

Akaangusha kalamu kwa makusudi, akainama kuiokota, mkono wake ukapita chini ya kitambaa na kuzima swichi. Alipoinua macho alimkuta wifi naye ameinama upande wa pili wa meza, akifuata waya wa umeme. Kiganja cha wifi kilikuwa juu ya mashine ya zamani, kimetulia pale. Mashine iliyodaiwa kulala tangu jana ilikuwa ya moto.

Walitazamana chini ya meza. Wifi akafungua mdomo. Kisha akaufunga, akainuka, akabonyeza mara moja. Maandishi mekundu yakatoweka, na kwenye simu ya mwenye duka muziki ukalipuka.

"Ilikuwa nini?" Baba Pacha aliuliza, akirudia tabasamu lake kana kwamba hakuwahi kulivua.

"Intaneti," alisema wifi. "Imerudi."

Kila mtu akapiga makofi. Mama Pacha akapiga pia, na katikati ya makofi wivu ukamrudia mkali kuliko mwanzo. Hata ungwana, alijiambia, huyu msichana amenizidi hata ungwana!

Alasiri wifi alimfuata juu ya paa kwenye kamba za nguo. Alishika ncha moja ya shuka bila kuombwa.

"Wifi, kwa nini?"

"Umechukua maneno yangu."

"Maneno gani?"

"Usijifanye hujui. Lile jingo. Watu wananijua kwa hilo."

Wifi alishusha shuka. "Rekodi yako ya zamani ina mvumo, wifi. Kwenye mtambo mpya inasikika kama umefungiwa ndani ya debe. Nilitaka urekodi upya. Nimekuita mara ngapi? Una nguo, unaanika, unakunja. Nikamwambia kaka akushawishi. Akasema niweke sauti yangu tu, ati haoni tofauti."

"Haoni tofauti?"

"Ndivyo alivyosema."

Mama Pacha akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Siku zote hizo alikuwa amemkodolea macho mtu asiye mkosaji. "Na leo," alisema mwisho, "mbona hukunisema? Ulitukanwa kwa ajili yangu."

"Nilitaka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo."

"Niliona."

"Halafu nikakumbuka nalala kwako, nakula kwako. Nikuseme halafu niende kula wapi?"

Mama Pacha aliangua kicheko asichokitarajia. Kumbe haukuwa ungwana wote! Ulikuwa ungwana kidogo na tumbo kidogo, na hilo angeweza kulivumilia kwa mtu. "Nisamehe kwa ya leo," alisema. "Kwa mengine sijui. Bado nakuonea wivu, nisikudanganye."

"Na mimi bado nina hasira," alisema wifi. "Lakini shika huku, shuka linaburuza."

Kesho yake Mama Pacha alikaa mbele ya mtambo mpya kwa mara ya kwanza. Wifi alimwonyesha pa kupanga nyimbo na pa kuona wasikilizaji, na alikuwa mwalimu mwenye haraka kidogo, kasoro ambayo Mama Pacha aliifurahia kimoyomoyo. Kisha wakarekodi. Kila alipoyasema yale maneno yalitoka makavu, kama anasoma tangazo la kupotea kwa mbuzi. Walirudia mpaka wakachoka. Ndipo wifi, kama aliyesahau, akanyoosha mkono kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, na kuanza kuchezea vitufe ambavyo Mama Pacha alikuwa ameshavipanga.

"Kaa hapohapo, usiguse kitu!"

"Hiyo hiyo," alisema wifi, na akaihifadhi.

Usiku huo wakila, Mama Pacha alimwambia mumewe, "Sauti yangu imerudi redioni."

Baba Pacha aliinua macho kutoka kwenye sahani. "Kwani ilikuwa imetoka?"

Wifi aliangalia chini ili asicheke. Mama Pacha hakuwa na hakika kama acheke au amwagie mchuzi. Alimwongezea wali tu.

Baada ya miezi kadhaa wifi alipata kazi mji mwingine. Baba Pacha akampa kipindi kizima cha kumuaga, mchana wote, salamu za ndugu na marafiki, mama mkwe akalia hewani kwa simu. Mama Pacha ndiye aliyekiendesha kwenye mtambo mpya, na nyimbo zote alichagua yeye. Aliposikia mumewe akisema, "Huyu ndiye kichwa cha familia yetu," machozi yakamtoka, na hakujua nusu ipi ilikuwa ya kumkosa wifi na ipi ilikuwa ya kwamba hakuna aliyewahi kumpa yeye kipindi.

Jumatatu iliyofuata alifungua ratiba kwenye skrini. Alhamisi asubuhi palikuwa na nafasi ya nyimbo mchanganyiko. Akaifuta, akaandika Mama Pacha.

"Nani huyu wa Alhamisi?" mumewe aliuliza alipoona.

"Mimi."

"Utasema nini?"

"Utasikia."

Alhamisi ya kwanza alikunja na kukunjua karatasi ya majina ya nyimbo mpaka ikawa inasikika kwenye maiki. Aliongea na watu wanaofanya kazi nyuma ya kazi za wengine: anayepiga deki jukwaa, anayeshona vifungo vya suti za maharusi, anayeonja dawa ya mtoto kabla ya kumpa. Waliopiga simu walikuwa wawili, na mmoja alikosea namba lakini akabaki kusikiliza. Wiki zilivyokwenda wakaongezeka. Wauguzi wakawa wanamsubiri.

Sasa kila Ijumaa, mumewe akiwa bado anaoga, Mama Pacha hufungua simu yake na kutazama takwimu za wasikilizaji, za kipindi chake na za kipindi cha Baba Pacha, ubavu kwa ubavu. Wiki anayoshindwa hununa mpaka adhuhuri, na watoto hujifunza kupita mbali. Wiki anayoshinda huimba jikoni, na mumewe, ambaye hajawahi kufungua ukurasa huo, hupakuliwa mnofu mkubwa kuliko wote na hula akishangaa amefanya jema gani.